Kwa vitu vichache, daftari hushinda masanduku

Ndugu msikilizaji, juma hili nimeona tuyaache kando kidogo mambo ya bei na ya barabara, tuingie ndani ya simu. Sina maana ya kuifungua kwa bisibisi. Nataka tutazame jinsi programu zilizomo humo zinavyopanga vitu vyake, kwa sababu katika upangaji huo kuna fedha ya mnunuzi inayotumika vizuri au inayopotea bure, na mnunuzi mwenyewe haoni lolote.

Malalamiko tunayajua sote. Mtu anajinyima, ananunua simu janja ya bei nafuu, na baada ya miezi michache inaanza kuganda. Anajaza fomu fulani katika simu, anapigiwa, anazungumza dakika mbili, akiirudia ile fomu anakuta imekuwa tupu na lazima aanze upya. Akienda kwa fundi anaambiwa, "Mama, simu hii ndogo, tafuta kubwa." Pengine fundi ana haki. Lakini mimi nasema kabla ya kuilaumu simu, liulizwe swali jingine: hao walioandika programu waliitumiaje nafasi waliyopewa?

Nafasi ninayoisema ni kumbukumbu, yaani ile sehemu ambamo programu hukaa wakati inafanya kazi. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 192 kwa kazi zote, na programu moja iliruhusiwa megabaiti 16 tu za kuwekea vitu vyake. Simu za leo zina nafasi kubwa kupita hiyo mara nyingi, lakini na programu zenyewe zimenenepa. Ndiyo maana mwaka 2017 kampuni ya Google ililazimika kutoa Android ya namna ya pekee, iitwayo Go, kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 au pungufu. Na nafasi ikibana, Android huzizima programu zilizo nyuma ya pazia ili iliyo mbele ipate kupumua. Hapo ndipo ile fomu inapopotea, kama mwandishi wa programu hakuwa ameiweka akiba.

Sasa tuingie katika kiini cha mazungumzo. Karibu kila programu hufanya kazi moja mara nyingi sana: kuweka jozi. Jozi ina ufunguo na thamani. Chukua ujumbe mfupi unaoingia katika simu yako. Programu huuandika hivi: mtumaji ni fulani, saa ni fulani, maneno ni haya, umesomwa au bado. Hizo ni jozi nne. Programu ikitaka kujua saa, hutaja ufunguo "saa", na hupewa thamani yake. Swali ni hili: jozi hizo ziwekwe vipi ili zipatikane upesi na zisile nafasi kubwa?

Njia iliyo maarufu huitwa jedwali la hashi. Wazo lake ni la zamani. Hans Peter Luhn, Mjerumani wa kuzaliwa aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, aliliandika mwaka 1953. Kwetu sisi halina ugeni, maana barua zetu tumezoea kuzifuata katika masanduku ya posta. Ukijua namba ya sanduku, huna haja ya kupita mlango kwa mlango ukiuliza. Unakwenda moja kwa moja kwenye sanduku lako, hata kama yako elfu kumi.

Jedwali la hashi huupa kila ufunguo namba ya sanduku kwa kulifanyia hesabu jina lenyewe. Tufanye mfano mwepesi. Tuseme A ni 1, B ni 2, C ni 3, na kuendelea. Neno "jina" lina J ambayo ni 10, I ni 9, N ni 14 na A ni 1, jumla 34. Kama tuna masanduku 16, yaliyoandikwa namba kuanzia 0 hadi 15, tunagawanya 34 kwa 16 na kuchukua kinachobaki, ambacho ni 2. Basi "jina" linakaa sanduku la 2. Kesho ukilitafuta, unarudia hesabu ileile na unafika palepale bila kupapasa.

Lakini jaribu neno "bei". Jumla yake ni 16, na baki ni 0. Jaribu na "deni". Jumla ni 32, na baki ni 0 vilevile. Maneno mawili yamepangiwa sanduku moja. Hesabu inayotumiwa na kompyuta ina hila zaidi kuliko hii yangu, lakini nayo haiepuki kugongana. Kwa hiyo chombo cha hashi kinachotumiwa katika lugha ya Java, kiitwacho HashMap, hukifunga kila kitu katika kifurushi chake. Ndani ya kifurushi kuna namba ya hashi, mahali ufunguo ulipo, mahali thamani ilipo, na anwani ya kifurushi kinachofuata iwapo wamegongana. Na ili migongano isizidi, masanduku hayaachwi yajae. Chombo hicho huanza na masanduku 16, na kikishapokea kitu cha 13 huyaongeza mpaka 32. Vitu vikiondolewa, masanduku hayapungui.

Kwa vitu elfu mia moja, utaratibu huu sina neno nao. Ni ufundi mkubwa. Lakini ule ujumbe wetu una vitu vingapi? Vinne. Tumejenga posta ya masanduku 16 kwa ajili ya barua nne.

Njia ya pili ni ya mwenye duka la mtaani. Yeye ana wadeni wanane au kumi. Hakujenga masanduku. Ana daftari moja chini ya meza, majina yamefuatana mstari kwa mstari. Akimtafuta mdeni, hufungua ukurasa mmoja, na jicho linamwona. Katika kompyuta daftari hilo huitwa safu: nafasi zilizopangwa bega kwa bega, bila pengo na bila vifurushi.

Android ina daftari la namna hiyo. Lilitolewa pamoja na Android 4.4, mwaka 2013, nalo huitwa ArrayMap. Limejengwa kwa safu mbili tu. Safu ya kwanza ina namba za hashi peke yake, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Safu ya pili ina funguo na thamani zikipokezana: ufunguo, thamani, ufunguo, thamani. Programu ikitafuta kitu, huihesabu hashi yake, huitafuta namba hiyo katika safu ya kwanza, na nafasi iliyoipata humwonyesha mahali pa kutazama katika safu ya pili.

Na kuitafuta hiyo namba hakuanzii mwanzo kwenda mwisho. Hufunguliwa katikati. Kama namba inayotakiwa ni ndogo kuliko ile ya katikati, nusu ya juu yote inaachwa; kama ni kubwa, inaachwa nusu ya chini. Kisha nusu iliyobaki hugawanywa tena. John Mauchly, mmoja wa waliojenga kompyuta ya ENIAC, alizungumzia utafutaji huu huko Marekani mwaka 1946. Nguvu yake ni kubwa. Kwa vitu 10 hulinganisha mara 4 kwa wingi. Kwa vitu 1,000 mara 10. Kwa vitu milioni moja mara 20.

Haya, sasa tuweke mizani. Katika simu za Android, kifurushi kimoja cha HashMap huchukua baiti 24: baiti 8 za utambulisho wake, na baiti 4 kwa kila kimoja cha vile vitu vinne nilivyovitaja. Ujumbe wetu wa jozi nne unahitaji vifurushi vinne, yaani baiti 96. Ongeza masanduku 16 ya baiti 4 kila moja, ambayo ni 64. Jumla ni baiti 160. Katika daftari, kila jozi huhitaji baiti 4 za namba ya hashi na baiti 8 za safu ya pili, jumla 12. Jozi nne ni baiti 48. Sikuhesabu vitambulisho vya vyombo vyenyewe, na wala ujumbe wenyewe, maana huo ni uleule pande zote mbili.

Utaniambia, ndugu msikilizaji, kwamba baiti 112 zilizookolewa ni kitu gani katika simu yenye mamilioni ya baiti. Ni kweli, kwa ujumbe mmoja si kitu. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Ukiwa na ujumbe 500 katika orodha, tofauti inafika baiti 56,000, na hiyo ni orodha moja ya programu moja. Tena kuna gharama nyingine isiyopimwa kwa baiti. Njia ya masanduku hutengeneza vitu sita kwa kila ujumbe: chombo chenyewe, masanduku yake, na vifurushi vinne. Njia ya daftari hutengeneza vitatu. Kwa ujumbe 500 ni vitu 3,000 dhidi ya 1,500. Na ndani ya simu kuna mfagizi ambaye kila baada ya muda hupita kuangalia kitu gani bado kinatumika na kipi kitupwe. Kadiri vitu vinavyozidi, ndivyo mfagizi anavyochelewa na kuila betri.

Tena waliotengeneza daftari hili walikuwa wabanifu wa kweli. Safu zake huanza na nafasi 4, kisha 8, kisha 12, kisha 18. Haziongezeki maradufu kila mara. Vitu vikipungua sana, safu nazo hupunguzwa. Na zile safu za nafasi 4 na 8 zilizokwisha kazi huwekwa pembeni ili mwingine azitumie, kama mama anavyoweka mikebe mitupu akijua kesho itatakiwa. Android yenyewe hulitumia daftari hili ndani ya furushi linalobeba habari kutoka ukurasa mmoja wa programu kwenda mwingine. Kwa hiyo hata asiyewahi kulisikia jina lake analitumia kila siku.

Je, na upesi? Hapa wengi hushangaa. Kwenye vitabu, masanduku ndiyo yenye mbio, kwa sababu hayatafuti; yanakwenda moja kwa moja. Lakini kitabu huhesabu hatua, na hakihesabu urefu wa kila hatua. Prosesa ya simu haichukui baiti moja moja kutoka katika kumbukumbu. Huchota fungu zima, kwa kawaida baiti 64 kwa mara moja, na kwenda kuchota ni safari ndefu kwake. Namba za hashi za vitu 10 ni baiti 40. Zote zinaweza kuingia katika fungu moja, na kuzitazama baada ya hapo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Vile vifurushi vya masanduku vimetawanyika huku na huku, na kila kimoja huenda kikahitaji safari yake. Mwenye kukimbia sana akipewa safari nyingi, anaweza kufika pamoja na mwenye kutembea aliye jirani.

Sisemi kwamba daftari hushinda mbio daima. Maelezo ya Android yenyewe yanakiri kwamba kwa kawaida ArrayMap ni polepole kuliko HashMap, lakini kwa vitu vinavyofika mamia tofauti si kubwa, haifiki asilimia 50. Hilo ni neno la haki. Unatoa mwendo kidogo, ambao mtu mwenye simu hauoni, unapata nafasi, ambayo mwenye simu ndogo anaihitaji sana.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Daftari lina mahali pake, na likivuka mpaka huo linageuka adhabu. Safu ni kama benchi lililojaa watu. Akija mwenzao anayetakiwa kukaa katikati, wote wa upande mmoja lazima wasogee. Kwenye benchi la watu kumi, "sogea mwenzangu" ni jambo la mara moja. Kwenye benchi la watu elfu, kila anayekuja huwasogeza wengi. Ukiweka vitu 1,000 kimoja kimoja bila mpangilio maalumu, kwa wastani namba katika ile safu ya kwanza zitakuwa zimesogezwa kama mara 250,000. Ukiweka vitu 100,000, zitasogezwa mara bilioni 2 na nusu. Kompyuta husogeza kwa mafungu na haichoki, lakini hata hivyo simu itaganda, na mwenye simu hataelewa kwa nini. Hapo masanduku ya posta ndiyo dawa.

Kijana mmoja anayesomea uandishi wa programu aliniuliza: kwa nini basi asichague njia moja, ile iliyo bora, akaishika kwa kila kazi? Nilimjibu kwamba hakuna bora bila kuuliza "kwa vitu vingapi?" Na hilo si neno langu peke yangu. Lugha ya Erlang, iliyozaliwa katika kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden, ina utaratibu huu: mpaka funguo 32, vitu hukaa katika safu, zikizidi hapo, lugha yenyewe huvihamishia katika mpango mwingine unaofaa wingi. Lugha ya Clojure, iliyotolewa mwaka 2007, kwa miaka mingi imeweka mpaka wake penye jozi 8. Na mwaka 2023 lugha ya C++ nayo iliingiza daftari la safu katika vyombo vyake rasmi. Watu hawa wanajua masanduku vizuri sana. Wameona tu kwamba vitu vingi ambavyo programu huvibeba kila siku ni vichache vichache, na kichache kina njia yake.

Uzuri wa Erlang ni kwamba haimwachii mtumiaji mzigo wa kukumbuka. Mbuyu ulianza kama mchicha. Orodha iliyokuwa na wateja sita mwaka wa kwanza huweza kuwa na elfu sita mwaka wa tatu, na mwandishi wa programu amekwisha kuhamia kazi nyingine. Android haihamishi kwa niaba yako. Ukichagua daftari, litabaki daftari hata likiwa zito kulibeba. Kwa hiyo mwandishi anayelichagua anatakiwa awe na hakika kwamba vitu vyake havitazidi. Jozi za ujumbe mmoja hazitazidi; ujumbe ni ujumbe. Majina ya wateja wote wa mji mzima yatazidi.

Nimetaja haya yote kwa sababu moja. Anayeandika programu mara nyingi hukaa mbele ya kompyuta kubwa, yenye kumbukumbu tele, na pengine mfukoni ana simu ya bei ya juu. Yeye akijenga posta ya masanduku 16 kwa barua nne, hasikii uzito wowote. Uzito anausikia mama anayeuza samaki mwenye simu ya gigabaiti moja, ambaye ameambiwa huduma fulani sasa zipatikane kwenye simu. Ubadhirifu umefanywa na mmoja, na gharama inalipwa na mwingine: analipa kwa muda, kwa betri, kwa fomu iliyopotea, na mwishowe kwa simu mpya ambayo pengine hakuihitaji. Katika miji yetu wenye simu za namna hiyo ni umma mkubwa.

Kwa hiyo ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, nawaomba mfanye jambo dogo. Kabla ya kuchukua chombo mlichozoea, ulizeni vitu vitakavyowekwa ni vingapi, na vinaweza kukua kufikia wangapi. Kisha ijaribuni programu yenu kwenye simu ya chini kabisa inayouzwa dukani, na mpime, msikisie. Na ninyi wakubwa wa ofisi mnaoagiza programu kwa ajili ya wananchi, msiridhike kuonyeshwa kazi ikitembea kwenye simu ya gharama mezani. Semeni iletwe ile anayoibeba mwananchi, iwashwe hapo hapo, na fomu ijazwe mbele yenu.

Ama wewe uliye mnunuzi tu, kama mimi, siku fundi akikuambia simu yako ni ndogo, ujue kwamba hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwa aliyepanga vitu ndani yake.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.